Kiangazi baharini: usitafute samaki, tafuta mpaka

Miaka yangu ya mwanzo ya kuvua maji ya mbali, kiangazi kilikuwa kinanifedhehesha. Bahari shwari, tangi limejaa, chambo tele, na bado narudi na samaki wawili watatu wa kuonea haya. Nilikuwa nazunguka kutwa nzima kwenye maji ya buluu yasiyo na alama yoyote, nikidhani samaki wametapakaa kila mahali na kwamba ni suala la bahati tu. Hawajatapakaa. Sehemu kubwa ya bahari ya mbali ni jangwa. Samaki hukaa penye mpaka: pale rangi ya maji inapobadilika, pale sakafu inapoporomoka ghafla, au pale kitu chochote kinapoweka kivuli.

Mpaka ulio rahisi kuuona ni ule wa mikondo miwili inayokutana. Utauona kama mstari mrefu wa povu, mwani na takataka, upande mmoja maji ya kijani, upande wa pili buluu. Mikondo ikikutana hukusanya vinavyoelea, vidagaa hujificha chini yake, na fulusi huwafuata. Gogo moja au kipande cha ubao kinaweza kuwa na kundi zima chini yake. Usipite juu yake na injini. Pita kandokando, sambamba na mstari, ili chambo kipite mbele ya macho yao bila chombo kuwatisha. Ukimnasa fulusi wa kwanza, usimpandishe haraka. Mwache majini karibu na chombo, maana wenzake humfuata na hubaki pale pale. Watupie vipande vya ngisi kidogo kidogo, uvue mmoja mmoja. Ukimwaga chambo chote kwa pupa watashiba, na shughuli imekwisha.

Upo mpaka mwingine usioonekana kwa macho, nao ndio ulionichelewesha kujifunza. Kiangazi jua hupasha maji ya juu, na kwa kuwa maji ya moto ni mepesi hubaki juu kama blanketi. Chini yake huanza tabaka la baridi, na badiliko hilo la joto huwa la ghafla. Kwenye mashine ya kuonea samaki hujionyesha kama mstari hafifu ulionyooka katikati ya kina, wala si sakafu. Siku moja tulirambaza, yaani tuliburuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, asubuhi nzima bila kuguswa, na mstari huo ulikuwa unaonekana mita 30 chini yetu. Nilidhani mashine ina hitilafu. Mwenzangu, kwa kuchoka tu, akafunga chubwi zito akashusha samaki hai hadi kina hicho. Hazikupita dakika kumi, chambo kikaliwa. Tangu siku hiyo sivui juu peke yake: mishipi miwili inabaki juu, mmoja unashuka hadi kwenye mstari.

Saa nazo ni nusu ya kazi. Mapambazuko na machweo ndiyo mavuno, hivyo mwanga wa kwanza unikute tayari mishipi iko majini, si nikiwa bado njiani. Jua likipanda katikati ya siku, wengi hushuka. Hapo huacha kurambaza, nikahamia kwenye miamba ya kina kutafuta chewa na changu, hasa maji yanapotembea. Maji yakisimama kabisa, kula chakula chako.

Kuhusu kurambaza, mimi huenda kati ya kilomita 11 na 15 kwa saa kwa chambo bandia, na taratibu zaidi kwa samaki hai. Panga mishipi kwa urefu tofauti. Halafu usiende moja kwa moja kama unaiwahi feri, pinda pinda. Ukikata kona, chambo cha upande wa ndani hupunguza mwendo na kuzama, cha nje huongeza mwendo. Samaki akila kwenye kona, tazama amekula upande gani, nawe umeshajua leo anataka mwendo upi.

Kwa nguru weka waya mfupi mbele ya ndoana, la sivyo meno yake yatakudai kila kitu. Kwa jodari waya ondoa, ana macho makali. Ndoana ya duara inataka uvumilivu: usivute kwa nguvu akigusa, mwache akimbie, rili (gurudumu la kukunjia mshipi) ijikaze yenyewe, naye atanasa pembeni mwa mdomo. Breki ya rili nairekebisha kwa mizani kabla ya kutoka, iwe kati ya robo na theluthi ya uzito ambao mshipi unaweza kuhimili. Kubahatisha kwa mkono kumenipotezea samaki ambao hadi leo nawaota.

Chambo hai hufa upesi kiangazi kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Punguza idadi kwenye pipa na ubadilishe maji mara kwa mara. Afadhali kumi wanaorukaruka kuliko arobaini wanaoelea.

Shwari ya asubuhi isikudanganye pia. Joto hujenga mawingu mchana, na kiwingu cheupe kilichoanza saa sita kinaweza kuwa radi saa tisa. Hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo, ugawanye kwa tatu, upate kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30 umeshachelewa kuondoka. Laza fimbo zote chini, maana za kaboni hupitisha umeme. Na mafuta yagawe mafungu matatu: kwenda, kurudi, na fungu lisiloguswa.

Mwisho ni barafu, ambayo watu huipima kwa ubahili. Jodari akiachwa juani hutengeneza histamini, na kupika hakuiondoi. Utaumwa hata umkaange namna gani. Mtoe damu papo hapo, kisha mzamishe kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari, maana mchanganyiko huo humgusa kila upande na kumpoza upesi kuliko mabonge makavu. Siku hizi nikiona barafu imebaki haitoshi kwa samaki wengine, nakusanya mishipi na kugeuza chombo, hata kama wanakula. Wenzangu hununa njia nzima.