Kemshafti ya 240Z imelika, usirudishe roka za zamani

Mkuu nimekuelewa, uko Dodoma na Datsun 240Z yako inagonga tik tik, ukafungua kava la juu ukakuta nundu mbili za kemshafti (shafti inayofungua valvu) zimelika. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, fundi akafunga kemshafti mpya na roka (vikono vinavyosukumwa na nundu kufungua valvu) zilezile za zamani, haikufika mbali ikalika tena! Nunua kemshafti na roka pamoja, na zibua matundu ya oili kwanza.

Kabla hujatoa gia ya juu (ya kemshafti) piga alama kwenye cheni halafu chomeka kabari ya mbao ndefu iibane cheni kabisa, la sivyo tensheni (kikaza cheni) inachomoka na utafungua mbele ya injini yote kwa uzembe tu. Vishikio vya kemshafti usiviguse, kemshafti yenyewe inachomolewa kwa mbele taratibu. Ukirudisha mpya, kabla ya roka izungushe kwa mkono, ikikaza acha hapo hapo, peleka hedi (kichwa cha injini) kwa fundi wa kuchonga.

Klirensi (nafasi kati ya roka na nundu) injini ikiwa baridi ni 0.20 mm valvu za intek (kuingiza), 0.25 mm za egzosi (kutoa moshi). Ikiwaka usiiache sailensa (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta), shikilia RPM (mizunguko kwa dakika) 2000 hivi kwa dakika 20. Na injini usiifungulie nje, vumbi la Dodoma unalijua.