Insulini ya mtoto isiachwe! Jibu kwa dada wa Bagamoyo

Dada, umeandika kwamba Jumatatu mwanao wa miaka saba mwenye kisukari ataachishwa sindano aanze dawa ya tumbo. Hiyo Jumatatu usianze chochote. Insulini usiisimamishe, hata dozi moja. Umeuliza mengi, uji wa shule, bei ya stripu za kupimia sukari, mdogo wake, lakini nimekwama pale uliposema mmeshalipia dawa. Maneno uliyoambiwa wewe hapo Bagamoyo ndiyo niliyoambiwa mimi hapa Tanga, karibu neno kwa neno: kwamba kisukari cha mtoto kimeanzia tumboni, kwamba kuzaliwa kwa upasuaji, maziwa ya kopo na antibayotiki vimeua bakteria wazuri, na kwamba sasa anywe unga wa mwani na vidonge vya bakteria kwa miezi mitatu huku sindano zimesimama "ili kongosho lipumzike na kuamka lenyewe".

Haliamki. Kisukari aina ya kwanza ni kinga ya mwili kugeuka na kushambulia seli beta, zile zinazotengeneza insulini ndani ya kongosho. Shambulio huanza miezi au miaka kabla hujaona dalili, na mtoto anapoanza kukojoa ovyo usiku, sehemu kubwa ya kazi ya seli hizo imeshapotea. Mpaka Januari 1922, pale Toronto, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipochomwa insulini, mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa anasubiri kufa tu. Insulini hiyo ndiyo muuzaji wenu anayotaka umnyime mwanao.

Sasa nisikilize yaliyotukuta sisi.

Mwanangu aligundulika akiwa amekwisha, kaptula ya shule inashikwa na pini. Alipoanzishiwa insulini, baada ya wiki chache mambo yakawa mazuri ajabu. Asubuhi sukari 5, jioni 7, kliniki wakapunguza dozi, wakapunguza tena. Ndipo ndugu mmoja akatupeleka kwa bwana mmoja kwenye ukumbi huko Ngamiani. Kavaa koti jeupe, ana mashine ndogo: mtoto anashika kijiti cha chuma mkononi, kisha kompyuta inatoa kurasa za magonjwa zenye rangi ya kijani na nyekundu. Za mwanangu zilitoka nyekundu kwenye utumbo, na kongosho likaandikwa "limechoka". Dada, koti jeupe linauzwa dukani. Hakuna mashine inayojua bakteria wa utumbo kwa mtoto kushika chuma. Wanaochunguza bakteria hao wanachukua choo cha mtoto, wanakipeleka maabara na kusoma vinasaba vya vijidudu vilivyomo.

Tukanunua makopo. Tukawa tunampa huku sindano zinaendelea, na sukari ikazidi kushuka, siku moja ikafika 3.4, mtoto anatetemeka, jasho linamtoka. "Mnaona?" akasema yule bwana. "Kongosho limeamka. Sasa sindano ndizo zitakazomuua." Tukamwamini, kwa sababu namba tulizisoma wenyewe kwenye kipimo chetu.

Na hapa naomba usome taratibu, maana ndipo ulipo wewe sasa. Mtoto akishaanza insulini, seli beta chache zilizosalia hupata nafuu na kutoa insulini kidogo kidogo, kwa wiki au miezi. Madaktari wanakiita kipindi cha fungate. Watoto wengi hukipitia bila kunywa unga wowote. Dozi hupungua, sukari hutulia, nyumba nzima husadiki kwamba ugonjwa unaondoka. Kisha kinga ya mwili inaendelea na kazi yake na fungate linakwisha. Wauzaji hawa wanaishi kwa kipindi hiki! Umeandika kwamba mwanao ana miezi miwili tangu agundulike na sukari "imekuwa nzuri kabisa tangu aanze sampuli ya bure". Si sampuli hiyo. Sindano zimempa nafuu, na nafuu hiyo hiyo unauziwa upya kwa jina jingine. Sukari ikishuka sana, dawa yake ni kumpa kitu kitamu hapo hapo, kisha kupiga simu kliniki wapunguze dozi. Kupunguza ni kazi yao, kwa namba. Kuacha hakumo.

Sisi tuliacha. Siku ya kwanza alicheza mpira na wenzake. Kisha kiu ikarudi, akalalamika tumbo, akatapika. Nikampigia yule bwana, akaniambia ni sumu zinatoka mwilini, nimpe maji ya ndimu na nisimrudishe kwenye kemikali. Bibi yake akadhani malaria. Usiku akaanza kupumua kwa haraka na kwa kina, kifua kinapanda na kushuka, na yeye amelala hajanyanyua hata mkono. Nikainama kumfuta mdomo, pumzi yake inanuka ndizi zilizoivia guniani. Zile ni ketoni. Insulini isipokuwepo, sukari inajaa kwenye damu lakini haiingii kwenye seli, mwili unaanza kuchoma mafuta, na uchomaji ule unaacha asidi inayoichafua damu, huku maji na chumvi vikimtoka kwa mkojo na matapishi. Mtoto anaweza kufa ndani ya muda mfupi sana. Tulimfikisha hospitali ya Bombo tukimwita haitiki. Wakamtundikia dripu, wakampa insulini taratibu, wakawa wanampima kila saa, wala hawakutugombeza. Alipofumbua macho akaomba uji.

Simu ya yule bwana haikupatikana tena. Namkasirikia hadi leo, na pesa ni sehemu ndogo. Kinachoniuma ni kwamba alichukua utafiti wa kweli, akaukata katikati, akamuuzia mama mwenye hofu ile nusu inayomtisha. Kwa hiyo nikatafuta hiyo nusu nyingine.

Ni kweli wanasayansi wanaangalia utumbo na miaka ya mwanzo ya mtoto. Finland inaongoza duniani kwa kisukari hiki kwa watoto, lakini ukivuka mpaka kuingia Karelia ya Urusi, kwa watu wenye vinasaba vinavyokaribiana nao, kiwango kilipimwa kuwa kama mara sita chini. Kundi lililolinganisha watoto wa Finland, Estonia na Karelia lilichapisha matokeo mwaka 2016: utumbo wa watoto wa Finland na Estonia ulikuwa na bakteria wengi wa jamii ya Bacteroides, ambao ganda lao haliisisimui kinga ya mtoto kama linavyofanya ganda la bakteria wengine, E. koli, waliokuwa wengi zaidi kwa wale wa Karelia. Wazo lao ni kwamba kinga isiyopata mazoezi mapema huenda baadaye ikakosea adui. Huenda. Utafiti mwingine mkubwa, TEDDY, wa Marekani, Finland, Sweden na Ujerumani, ulichunguza sampuli za choo zaidi ya 10,000 za watoto 783, ukachapishwa 2018. Watoto waliobaki salama walikuwa na bakteria wenye uwezo zaidi wa kutengeneza asidi fupi za mafuta, zile zinazotoka kwenye nyuzinyuzi za chakula na kutuliza kinga. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo, na wengi wa watoto hao ni wazungu, si watoto wa Makorora hapa Tanga au Dunda huko kwenu Bagamoyo.

Umeona tafiti zote hizi zinazungumzia nini? Kabla. Miezi ya mwanzo, kabla kinga haijageuka. Hata bakteria wa vidonge, TEDDY iliona uhusiano na kupungua kwa hatari ya shambulio la kinga kwa watoto wenye vinasaba vya hatari waliopewa ndani ya siku 27 za kwanza za maisha, na uhusiano si uthibitisho. Mwanao ana miaka saba na ameshaanza sindano. Hakuna kopo linalomrudisha siku ya 27.

Na hatia waliyokutwika uitue. TEDDY hao hao waliangalia antibayotiki za utotoni, hawakuona kwamba zinaongeza shambulio la kinga kwenye kongosho. Kuhusu maziwa ya kopo, kulikuwa na jaribio la watoto 2,159 wa nchi mbalimbali, kundi moja wakipewa maziwa yenye protini iliyovunjwavunjwa. Matokeo ya 2018: kisukari hakikupungua kwa kundi hilo. Upasuaji unaonekana kuongeza hatari kidogo katika baadhi ya tafiti, lakini wewe ulipasuliwa ili mtoke wote wawili hai. Hukumpa mwanao kisukari. Anayekuambia ulimpa, angalia anauza nini.

Mimi sichukii mwani wala mtindi. Mwanangu anakula mtindi, maharage, mchicha, na dozi yake inapigiwa hesabu. Kipimo changu siku hizi ni kimoja: kitu chochote kinachokuja na sharti la kuacha insulini hakiingii nyumbani kwangu, hata kiletwe na shehe, padri au shangazi.

Mdogo wake wa miezi minne, mnyonyeshe kama unavyomnyonyesha. Kwa takwimu za Ulaya na Marekani, ndugu wa mtoto mwenye ugonjwa huu wanaoupata ni kama 5 katika 100, kwa hiyo uwezekano mkubwa hatapata. Ukimwona ana kiu isiyoisha, anakojoa mno, anakonda, mpime sukari siku hiyo hiyo, hata kama wameshasema ni malaria au taifodi. Kipimo unacho nyumbani, ni tone moja la damu.

Sasa mpime mkubwa kabla hujalala, umpe sindano ya usiku kama kliniki walivyokuelekeza. Kama ulisharuka dozi na anatapika, analalamika tumbo au anapumua haraka, usisubiri nijibu hapa wala usisubiri kupambazuke. Tafuta bodaboda, bajaji, chochote, ufike hospitali, na uwaambie mlangoni kabisa kwamba ni mtoto wa kisukari aliyekosa insulini, ili wasianze na kipimo cha malaria. Kama yuko salama, andika hapa namba uliyoipata. Nasubiri.