Uyoga mweupe kwenye nyasi za uwani: usiupike kabla hujaung'oa na kuuangalia chini

Mkuu, umeuliza kama uyoga mweupe ulioota kwenye nyasi za uwani kwenu, hapo mtaa wa Forest ya Zamani, Mbeya, ni ule ule wa vichuguu tunaonunua barabarani Mafinga, na kama unaweza kuupika. Picha uliyoweka imepigwa kutoka juu: kofia pana, nyeupe, yenye magamba ya kahawia katikati. Jibu fupi: usiupike. Naushuku sana, na nitaeleza kwa nini, maana mvua ndiyo zimeanza na si uwani kwako peke yake unakoota.

Mimi ni wa Mufindi, nimekulia kwenye kuchuma uyoga kila masika pamoja na bibi na shangazi zangu, sasa naishi Mbeya mjini. Kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kwamba uyoga hautambuliwi kwa kofia. Unatambuliwa kwa shina lake na kwa mahali ulipoota.

Uyoga wa vichuguu hauoti popote. Mchwa wenyewe ndio wanaoulima ndani ya kichuguu, kwenye masega yaliyotengenezwa kwa majani na miti waliyotafuna, na mvua zikikolea unapanda juu. Kwa hiyo ukiuchimba taratibu kwa kijiti utaona shina haliishii kwenye uso wa ardhi. Linaendelea chini, linakuwa jembamba, gumu kiasi, na mara nyingine linaingia ndani zaidi ya urefu wa mkono kabla halijafika kwenye sega. Katikati ya kofia kuna kinundu kigumu chenye ncha, ndicho kinachotoboa udongo. Chini ya shina hakuna mfuko wala kikombe. Zambia kuna aina yake ambayo kofia hufika karibu mita moja kwa upana, na zipo ndogo kabisa zinazotapakaa kwa mamia pale mchwa walipotoa vipande vya masega nje. Zote zinategemea mchwa. Kama uwani kwako hakuna mchwa chini, huo wako si wa vichuguu.

Sasa kuna uyoga mwingine unaopenda sana nyasi zinazokatwa na kumwagiliwa: bustani za nyumbani, viwanja vya mpira, kando ya njia. Wataalamu wanauita Chlorophyllum molybdites. Kofia ni kubwa, nyeupe, yenye magamba ya kahawia, na shina lina pete ambayo mara nyingi unaweza kuisogeza juu na chini kwa vidole. Unavutia kweli, na ndiyo maana unawaumiza watu. Ukiula, baada ya saa moja hadi tatu hivi unaanza kutapika na kuharisha vibaya, na kwa mtoto mdogo upotevu huo wa maji ni hatari kubwa. Ubaya wake mwingine ni kwamba ukiwa mchanga, vile vibapa vyembamba vilivyojipanga chini ya kofia ni vyeupe tu. Ukijani huja baadaye, unapokomaa.

Namna ya kuubaini ni rahisi na kila mtu anaweza. Chagua mmoja uliofunguka vizuri, ukate shina, laza kofia juu ya karatasi nyeupe, vibapa vikiangalia chini, kisha funika kwa bakuli. Uache usiku kucha. Asubuhi utakuta vumbi laini limechora mistari kwenye karatasi. Likiwa la kijani, huo ndio uyoga niliousema, utupe. Wa vichuguu hutoa vumbi la waridi lililofifia. Vumbi jeupe halionekani vizuri kwenye karatasi nyeupe, kwa hiyo weka nusu ya kofia juu ya kitu cheusi. Lakini nielewe vizuri: vumbi la kijani linatosha kukuambia usile, ila vumbi la waridi au jeupe peke yake halikupi ruhusa ya kula.

Na jeupe ndilo linalonitia hofu zaidi. Kuna jamii ya uyoga inaitwa Amanita, na baadhi yake huua. Ukiwa mchanga unakuwa umefunikwa na ngozi kama yai, halafu ngozi inapasuka, uyoga unatoka, na mabaki ya ngozi yanabaki chini ya shina kama mfuko, ndani ya udongo. Mtu anayevunja shina juu kwa juu anauacha ule mfuko ardhini, na pamoja nao anaacha alama muhimu kuliko zote. Ndiyo maana nasisitiza uchimbe, usikate.

Hapa wazee wa miombo wanaweza kunibishia, na wana haki. Kwenye miombo yetu zipo Amanita zinazoliwa tangu enzi, na mama anayeuza barabarani anazijua bila wasiwasi. Lakini ujuzi wake ni wa msitu ule. Mipaina ya shamba la miti la Sao Hill, huko Mufindi, imetoka ng'ambo, aina ya Pinus patula asili yake ni Meksiko, na miti ya namna hiyo husafiri na uyoga wake kwenye mizizi. Ule mwekundu wenye madoa meupe unaotokea chini ya mipaina ni mgeni wa namna hiyo, una sumu, na mvua ikiuosha madoa yanatoka ukabaki mwekundu mtupu. Babu zetu hawakuachiwa habari zake na mtu yeyote. Ndivyo ilivyowakuta watu waliohamia Marekani kutoka Asia ya Kusini-Mashariki: walichuma Amanita phalloides, moja ya zile za kuua, wakidhani ni uyoga waliozoea kula kwao, na wengine walikufa. Kwa hiyo mtu wa Chunya anayejua miombo vizuri, akiletwa kwenye bustani ya mjini au chini ya mipaina, ni mgeni kama wewe.

Halafu naomba tuache vipimo vya kusikia kwa watu. Kitunguu saumu kugeuka cheusi, kijiko cha fedha, wali kubadilika rangi, kwamba ukiliwa na konokono basi ni salama: hakuna hata kimoja kinachofanya kazi. Konokono hula Amanita na wasidhurike. Sumu ya zile Amanita za kuua haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kuanika juani. Kuushika tu hakudhuru, watoto wakiushika wanawe mikono.

Kuhusu kuumwa, angalia saa. Tumbo likianza mapema, mara nyingi ni sumu ya tumbo. Likianza baada ya saa sita na kuendelea, mpaka hata kesho yake, hilo ndilo la kutisha zaidi. Sumu ya Amanita huchelewa, mtu anatapika na kuharisha, kisha anapata nafuu na familia inashukuru, wakati ini linaharibika. Usingoje nafuu hiyo, na usikae nyumbani kumnywesha maziwa au mafuta. Nenda hospitali mara moja, beba uyoga uliobaki, hata maganda na makombo ya sufuriani, na useme mlikula saa ngapi. Hata anayeumwa mapema asibaki nyumbani, kwa sababu huenda kikapu kilichanganya aina mbili.

Kama una hamu ya uyoga wiki hii, nunua sokoni uyoga wa kulimwa, ule aina ya mamama. Ule wa uwani, ng'oa mmoja mzima na udongo wake kwa kisu au kijiti, upige picha ya shina lote, ya chini ya kofia, na ya mahali ulipoota. Laza kofia ya mwingine kwenye karatasi leo usiku, kesho weka picha hapa pamoja na rangi ya vumbi. Nitaziangalia.