Maswali yenu: kikao cha saa tano usiku na mengine ya kampuni za kimataifa

Safari hii nimekusanya maswali ya wasomaji walioajiriwa na kampuni zenye ofisi katika nchi nyingi. Karibu wote mmeshaambiwa kwamba kampuni yenu inamthamini kila mtu. Mnachouliza ni mbona hilo halionekani kazi inapoanza.

Makao makuu yako nyuma yetu kwa saa nane. Kikao cha timu huwa saa tisa alasiri kwao, yaani saa tano usiku kwangu. Nikikosa, naambiwa sishiriki. Nifanyeje?

Hili limeulizwa na wengi, nami naliweka mbele ya yote ingawa sera nyingi za ujumuishaji, yaani za kuhakikisha kila mfanyakazi anahusishwa, hazigusi kabisa suala la saa. Kikao kikiisha, mtu wa makao makuu anatoka na bosi, wanaongea kwenye korido, na uamuzi unakamilikia hapo. Wewe umeshazima kompyuta ukalale. Asubuhi unakuta barua pepe inayoanza na "kama tulivyokubaliana", na hujakubaliana na mtu yeyote. Wakati wa tathmini ya mwaka ukifika, mwenzako anatajwa kuwa mtu wa mawazo, nawe unashauriwa "ujitokeze zaidi".

Usiende kulalamika kwamba umechoka, kwa sababu kila mtu hapo atakwambia naye amechoka. Nenda na jedwali. Chukua kalenda ya miezi mitatu iliyopita, andika kila kikao kilikuwa saa ngapi kwa kila mwanatimu, kisha mpe meneja alione. Wengi hawajawahi kuiona hesabu hiyo ikiwa imepangwa hivyo, na macho yao yatakwenda yenyewe kwenye safu moja iliyojaa saa nne, saa tano, saa sita usiku.

Halafu omba mambo mawili. Kwanza, saa za kikao zizunguke, usiku nao uwafikie wengine. Pili, uamuzi wowote ukae kwenye hati ya pamoja kwa saa 24 kabla ya kufungwa, ili aliyekuwa amelala naye atie neno. Ukilazimika kuchagua moja, chagua la pili. Wakikupa rekodi ya video badala yake, usiridhike: hiyo ni kama kuangalia mechi ambayo matokeo unayajua tayari.

Jina langu linaonyesha mara moja ninakotoka. Nimeshauriwa niweke lingine kwenye wasifu wa kazi. Ni sawa?

Hofu yako ina msingi. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio lao: walituma karibu wasifu 5,000 wa kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago. Sifa za waombaji zililingana. Kilichotofautiana ni majina, mengine yamezoeleka kwa Wazungu na mengine kwa Wamarekani Weusi. Wa kundi la kwanza walihitaji kutuma maombi kama 10 ili wapigiwe simu moja. Wa kundi la pili, kama 15.

Ukitumia jina lako la katikati, au jina ambalo watu wanakuita, hujadanganya; jina kamili litakuja kwenye mkataba. Ukiamua kubaki na lako lilivyo, sitakulaumu hata kidogo. Mzigo huu hasa ni wa kampuni. Iliyo makini huficha majina kwenye mchujo wa kwanza, huwauliza wasailiwa wote maswali yaleyale, na kila msaili huandika alama zake kabla hajawasikia wenzake.

Na asikudanganye mtu kwamba mchujo wa kompyuta hauna upendeleo. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa Amazon iliachana na programu yake ya kuchambua wasifu. Programu hiyo ilifundishwa kwa maombi ya miaka kumi, mengi yakiwa ya wanaume, ikajifunza kuwashusha alama waliotaja mambo kama klabu ya wanawake.

Ni mwanamke pekee kwenye timu ya watu watano. Kumbukumbu za kikao naandika mimi, hafla ya kumuaga mtu napanga mimi, wageni nawapokea mimi. Nikikataa nitaonekana mkorofi?

Dada yangu, haya yamepimwa. Watafiti Linda Babcock, Lise Vesterlund na wenzao waliwaweka watu watatu watatu kwenye kompyuta, wakawapa dakika mbili mmoja wao abonyeze kitufe. Akipatikana wa kubonyeza, wote wanapata fedha zaidi, ila yeye anapata pungufu kuliko wenzake. Kwenye vikundi vya mchanganyiko, wanawake ndio waliobonyeza zaidi. Vikundi vilipokuwa vya jinsia moja, tofauti hiyo ilitoweka. Wanaume wakiwa peke yao walibonyeza vizuri tu. Na mtu alipopewa nafasi ya kumwomba mmoja abonyeze, wanawake ndio walioombwa zaidi, hata na wanawake wenzao.

Kwa hiyo suala si upole wako, ni matarajio ya waliokuzunguka. Usikatae kwa kununa. Pendekeza zamu, kwa mpangilio wa majina, na iandikwe kwenye mwaliko wa kikao ili isitegemee kumbukumbu ya mtu. Mwenyekiti akiuliza "nani ataandika leo?", kaa kimya. Sekunde kumi za ukimya haziui, na utashangaa nani atakayekohoa kwanza.

Mfanyakazi mwenzangu amesema niliajiriwa ili kujaza idadi. Nimjibu nini?

Muulize ni kazi gani uliyoifanya vibaya. Akiitaja, ijadilini. Asipoitaja, mazungumzo yamekwisha.

Watu huchanganya lengo la idadi na sheria ya idadi. Norway ilipitisha sheria mwaka 2003 iliyotaka kila jinsia iwe na angalau asilimia 40 kwenye bodi za kampuni za hisa za umma, na kufikia 2008 kampuni iliyokaidi ingeweza kuvunjwa. Hizo ni bodi, si dawati lako. Kampuni nyingi zina malengo tu, na lengo halimpi mtu kazi bila usaili. Ajabu ni kwamba aliyeletwa na mjomba wake haulizwi swali hili.

Usikivu wangu ni hafifu na nimeitwa kwenye usaili wa video. Niseme sasa, au nikishapata kazi?

Sema sasa, lakini taja unachohitaji, si historia ya masikio yako. Kwa mfano: "Naomba manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa, yawashwe, wasailiwa na wasaili tuwashe kamera, na maswali yaandikwe kwenye gumzo yanapoulizwa." Hilo la mwisho lisisitize, kwa sababu manukuu ya kompyuta huvurugika watu wakiongea kwa pamoja au kwa lafudhi ambazo mashine haijazizoea.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi. Marekani imeusaini bila kuuridhia, ila ina sheria yake ya mwaka 1990. Wakikujibu kwamba manukuu ni usumbufu, umeshawafahamu kabla hata ya kusaini mkataba.

Ni meneja. Kila mwaka tunalazimishwa mafunzo ya utofauti. Yanasaidia?

Kwa kulazimishwa, kidogo sana. Wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev walichambua takwimu za zaidi ya kampuni 800 za Marekani. Miaka mitano baada ya mafunzo kufanywa ya lazima kwa mameneja, sehemu ya wanawake Wazungu kwenye uongozi haikuongezeka, na ya wanawake Weusi ilishuka. Miongoni mwa vilivyofanya kazi vizuri ni kumpa kiongozi mtu mahususi wa kumlea kikazi. Chagua mmoja ambaye si nakala yako, umpe kazi inayoonekana na wakubwa.

Kampuni yetu ya Kimarekani imefunga kitengo cha ujumuishaji. Tumeachwa?

Januari 2025 Rais Trump alisaini amri za kufuta programu hizo serikalini, na kampuni nyingi zikafuata upepo. Lakini Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi kazini, bado ipo. Kama ofisi yako iko nchi nyingine, unalindwa na sheria za huko. Omba kuona ngazi za mishahara na vigezo vya kupandishwa cheo. Hivyo vikiwa vimebaki kwa maandishi, kilichofutwa huenda kilikuwa mabango.

Sikukuu za dini yangu hazimo kwenye kalenda ya kampuni. Naombaje?

Omba kubadilishana: unafanya kazi siku ya sikukuu isiyokuhusu, unapumzika siku yako. Andika kabla kalenda ya mwaka haijapangwa. Na kama sikukuu yako inafuata mwandamo wa mwezi, omba siku mbili mfululizo tangu mwanzo, halafu urudishe moja mwezi ukionekana.