Sauti kabla mtu hajaingia
Ndugu yangu, kompyuta ya duka lako Mwembe Tayari iko kimya mpaka mtu aingie kwa akaunti yake, kwa sababu PulseAudio, programu inayosimamia sauti kwenye Linux, huanzishwa na mtumiaji, si na mfumo. Andika huduma ya systemd (programu inayowasha huduma za Linux mashine inapowaka) yenye ExecStart=/usr/bin/pulseaudio --system --disallow-exit --disallow-module-loading.

Mtumiaji pulse, yule anayeendesha huduma hiyo, awe kwenye kundi la audio, na kila anayecheza sauti awe kwenye kundi la pulse-access, kisha atoke na kuingia upya. Hapo ndipo wengi hukwama: huduma inakwenda sawa, wao wanapata "Access denied".

Zima na ile PulseAudio ya watumiaji: systemctl --global mask pulseaudio.socket pulseaudio.service, pamoja na kuandika autospawn = no (isijiwashe yenyewe) kwenye faili la mipangilio client.conf. Usipofanya hivyo seva mbili zitagombania kadi moja ya sauti. Moduli, yaani vipande vya programu vinavyopakiwa na seva, ziandike kwenye faili la mipangilio yake, system.pa.

Kama watu kadhaa hutumia mashine hiyo, acha kabisa njia hii. Walio kwenye pulse-access wanaweza kunasa sauti za wenzao.