Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujanunua Rampu ya Mama Yako

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi hatujambo. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, mara ya pili nikiusoma kwa sauti ili naye asikie. Umesema umeona dukani rampu ya alumini ya kukunja, yaani lile daraja la mteremko la kupandishia kiti cha magurudumu cha mama yako, moja ya futi 5 na nyingine ya futi 7, na muuzaji amekuhakikishia kwamba zote zinafaa kwa nyumba na kwa gari. Unataka nikuchagulie, ili mama akija kukaa kwako miezi 2 ya kliniki asiwe mtu wa kubebwa mlangoni. Imenichukua siku 3 kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza nipime vitu fulani hapa nyumbani.

Usinunue bado. Chukua tepu uende mlangoni kwako.

Kimo cha kupanda kipime hivi. Tafuta ubao ulionyooka, ulaze juu ya sakafu ya baraza mpaka uchomoze nje, mbele ya ngazi ya mwisho. Weka pimamaji juu yake ili usiwe umeinama. Kisha pima kutoka chini ya ubao mpaka ardhini, pale utakapotua mguu wa rampu. Usijumlishe ngazi moja moja. Nilipokuja Idi niliona uwanja wa mbele ya nyumba yako unateremka kuelekea barabarani, na mteremko huo unaongeza urefu wa kupanda ambao ngazi zenyewe hazikuonyeshi.

Sisi waashi tuna kanuni ya 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kwenda juu ipewe sentimita 12 za kwenda mbele. Kwa futi ni rahisi zaidi kukumbuka, kila inchi 1 ya kimo inataka futi 1 ya rampu. Huo ndio mteremko ambao mtu mwenye mikono yenye nguvu anaweza kuupanda peke yake. Ukitaka kuujua kwa miguu yako, nenda kituo cha mwendokasi hapo Kimara, upande polepole kwenye mteremko unaoingia jukwaani. Utaona ulivyo mpole, na utaona pia unavyokula nafasi. Rampu za kubebeka huwa fupi, kwa hiyo watengenezaji wengi huruhusu 1 kwa 6 mtu akiwa amekaa kitini na nyuma yake yupo msukumaji mwenye nguvu. Mteremko mkali zaidi ya hapo, 1 kwa 4, ni kwa kiti kitupu tu.

Sasa tazama ngazi zako 3 za mbele. Kwa kukisia kwangu kimo chake hakipungui sentimita 45. Kwa 1 kwa 12 unahitaji rampu ya mita 5 na sentimita 40. Hata ukijibana kwenye 1 kwa 6, ni mita 2 na sentimita 70. Ile ya futi 5 ni mita 1 na nusu. Ile ya futi 7 haifiki mita 2 na robo. Yaani hakuna hata moja ya kuiweka kwenye mlango wako wa mbele, na yule muuzaji hakukuuliza kimo cha ngazi. Mtu anayeuza rampu bila kuuliza kimo, mwanangu, usimpe hela yako siku hiyohiyo.

Lakini nimekumbuka mlango wa uani, ule wa jikoni. Pale pana ngazi 1 tu, nayo haizidi sentimita 18. Rampu ya futi 7 pale inakupa karibu kabisa 1 kwa 12, na ya futi 5 inakupa kiasi cha 1 kwa 8, ambacho wewe na mumeo mnakiweza. Niliogopa kumwambia mama yako kwamba ataingilia jikoni, nikidhani ataona anafichwa. Akanijibu: "Uani ndiko kwetu wanawake, tangu lini nikaingilia sebuleni kwa mwanangu?" Basi hilo limekwisha. Kilichobaki ni wewe kupima kile kichochoro cha kutoka getini mpaka uani. Kiti chake kina upana wa sentimita 65 kutoka pete hadi pete za kusukumia magurudumu, na vidole vyake vinahitaji nafasi pembeni. Tenki la maji liko wapi? Kama limezuia njia, lisogezwe kabla hajaja. Mlango wa jikoni nao upime ukiwa wazi, kutoka kwenye ubao wa mlango wenyewe mpaka fremu ya upande wa pili, siyo fremu kwa fremu.

Hapo mlangoni ataka sehemu tambarare ya kutulia, mita 1 na nusu kwa mita 1 na nusu ikiwezekana. Mlango wako unafunguka kwa nje. Usipokuwa na sehemu hiyo utajikuta umeshika kiti kwa mkono mmoja katikati ya mteremko huku unahangaika na kitasa. Nyumba ni ya kupanga, siwezi kukwambia umwage zege, ingawa ingekuwa yako ningekuja mwenyewe na mwiko wangu. Muombe mwenye nyumba ruhusa ya kuugeuza mlango ufunguke kwa ndani. Ni bawaba tu.

Kwa hiyo mimi nachagua ya futi 7, ikiwa vipimo vya uani vitakuwa kama ninavyokumbuka. Ni nzito kuliko ya futi 5, na hutaipenda siku ya kuibeba. Lakini utaibeba mara moja, yeye ataipanda kila siku.

Ngoja nikueleze jambo ambalo hukulijua vizuri, kwa sababu tulikuficha. Mwaka juzi, mwezi wa pili baada ya kiharusi, nilimtengenezea mama yako rampu yangu ya kwanza. Nilichukua mbao 2 za inchi 2 kwa 8, nikaziegemeza barazani, sikuzifunga popote. Nilikuwa nimejenga ngazi miaka 31, nikadhani mbao mbili zitanitii. Nilipomsukuma mpaka katikati, uzito wa kiti ulizisukuma mbao nyuma, ncha moja ikachomoka barazani. Nilimdaka, lakini kiwiko chake kiligonga ukuta na alilia. Kiwiko kilipona kwa wiki moja. Woga haukupona. Alikaa ndani miezi 2, hata barazani hakutaka kutoka, wageni wakawa wanamfuata chumbani. Harusi ya binti wa mjomba wako aliikosa kwa ajili ya mbao zangu, siyo kwa ajili ya miguu yake.

Ndiyo maana nikifika dukani siangalii kwanza bei wala uzito wa kubeba. Naangalia ncha ya juu. Ule ulimi wake unapaswa kulala wote juu ya sakafu, usining'inie, na uwe na matundu ya kupitishia pini au mnyororo wa kuufunga. Rampu isiyofungwa hurudi nyuma, na hurudi pale hasa unaposukuma kwa nguvu. Kingo za pembeni ziwe zimenyanyuka angalau sentimita 5 ili gurudumu lisichungulie nje. Uso wake upapase kwa kiganja. Ukwaruze kama msasa, maana Dar ikinyesha alumini laini huwa kama sahani ya mafuta. Upana wa ndani usipungue sentimita 73. Na utafute kibandiko cha uzito. Jumlisha mama yako kilo 74, kiti kilo 17, na wewe mwenyewe unayesukuma, maana nawe umo juu yake. Nyingi huandikwa kuanzia kilo 270, hizo zinatosha. Isiyo na kibandiko iache.

Usikubali zile za reli 2, hata zikiwa nyepesi na za kuchomoa. Vigurudumu vya mbele vya kiti chake vimekaa ndani zaidi ya magurudumu makubwa, havipiti mstari mmoja, na wewe msukumaji utatembea katikati bila kitu cha kukanyaga mbele ya ngazi. Za chuma za fundi wa kuchomelea ni imara, lakini utahitaji watu 2 kuinyanyua kila jioni, na itabidi uinyanyue, wajukuu wangu wataifanya bembea ya kuteleza. Halafu kutu.

Ukishainunua, ijaribu na kiti kitupu, kisha ukae wewe mwenyewe, mumeo akusukume. Angalia vikanyagio vya miguu pale rampu inapokutana na ardhi, mara nyingi hukwaruza chini na kiti hukwama ghafla, mtu akarushwa mbele. Uani kwako ni mchanga, kwa hiyo weka tofali pana au kipande cha bati nene chini ya mguu wa rampu usizame upande mmoja. Kupanda, yeye aelekee mlangoni na ainame mbele kidogo. Kushuka, geuza kiti, mgongo wake utangulie, nawe uwe chini yake ukirudi kinyumenyume. Usimshushe akiwa anatazama bonde. Na ukiiacha juani toka asubuhi, imwagie maji kwanza, alumini ya saa 8 mchana inaunguza mkono.

Kuhusu gari nitakuvunja moyo kidogo. Kwa Noah yako huhitaji rampu kabisa. Nimempima mama yako akiwa kitini, kutoka ardhini mpaka utosini ni sentimita 128. Pima mlango wako wa nyuma kutoka kwenye sakafu ya buti mpaka juu, utaona kichwa chake hakipiti. Na hata kingepita, kiti kilichopandishwa na mtu juu yake lazima kifungwe sakafuni kwa mikanda 4, yeye naye afungwe mkanda wake. Gari lako halina ndoano hizo. Breki moja ya ghafla kule Ubungo na kiti chenye mama yako kitakwenda mbele pamoja naye. Yapo magari ya Toyota yaitwayo Welcab, na baadhi yake yametengenezwa Japani yakiwa na sakafu iliyoshushwa na rampu yake ya nyuma. Siku ukinunua la namna hiyo tutazungumza upya. Kiti cha betri nacho ni habari nyingine, kile hakinyanyuliki. Cha mama yako kinakunjwa, unakitia kwenye buti kwa mikono miwili.

Yeye mwenyewe muhamishie kwenye kiti cha mbele. Siti ya mbele ya abiria kwetu iko kushoto, ukikiegesha kiti ubavuni mwa gari kikitazama mbele, siti inakuwa kuliani kwake, upande wake wenye nguvu. Funga breki, ondoa kikanyagio na kiegemeo cha mkono, telezesha ule ubao wa kuhamia nilioulainisha kwa msasa, mwache ajivute mwenyewe. Usimvute kwapani kwenye mkono wa kushoto, bega lile linamuuma. Kutoka ndiko kugumu, kwa sababu anashuka akielekea upande wake dhaifu. Hapo simama mbele yake, magoti yako yazuie goti lake la kushoto, na mpe muda. Huwa anahesabu moja mpaka tatu. Umsubiri afike tatu.

Kliniki usibebe rampu. Majengo ya huduma kwa umma yanatakiwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yafikike, na ukikuta ngazi tupu uliza njia nyingine ilipo kwa sauti ya kusikika. Kwa majirani na misikitini utakapompeleka, ile ya futi 7 itawasaidia kwenye baraza fupi, za zaidi ya sentimita 35 achaneni nazo.

Nitumie vipimo kabla ya Alhamisi: kimo cha uani, upana wa kichochoro, upana wa mlango. Nitavichora, nitakupigia. Tutapanda basi la Jumamosi asubuhi, na mimi nitakuwepo siku 4 za kwanza.

Jambo moja la mwisho. Anakuja na fimbo yake ingawa hatembei nayo. Kabla sijamsukuma huigonga rampu mara mbili, akisikia imetulia ndipo husema "haya". Usimharakishe akifanya hivyo, na watoto waambie wasimcheke.

Baba yako