Mashine ya boti ikizama, wacha kwanza kamba ya kuwashia

Nilipofika ufukweni Shela, Lamu, asubuhi ile, boti yangu ilikuwa imelalia ubavu, mashine yote imo majini. Ulikuwa msimu wa kusi na maji ya bamvua, na usiku nilikuwa nimeifunga kwa kamba fupi. Bamvua letu hupandisha maji karibu mita 3. Yalipojaa, kamba ilikaza, upande mmoja ukashindwa kuinuka, na mawimbi yakaingia hadi yakaijaza.

Mashine yenyewe ni Yamaha ya zamani ya nguvu za farasi 40, silinda mbili, ya kuchanganya oili na petroli. Ndiyo inayonilisha mimi na wanangu. Tulipoipandisha mchangani nilikuwa na jambo moja tu moyoni: nisikie imenguruma. Nikashika kamba. Mzee mmoja, nahodha wa miaka mingi, akanishika mkono.

"Mwanangu, wacha kamba hiyo. Itie kwenye mai ya pepo kwanza." Mai ya pepo kwetu ni maji matamu, yasiyo na chumvi.

"Ami, imelowa hivi, tuilowanishe tena?"

"Si mai yanayoila. Ni chumvi ikipata hewa."

Maneno yale ndiyo yaliyoiokoa mashine yangu. Chuma kikiwa kimezama kabisa hushika kutu polepole, kwa kuwa hewa ndani ya maji ni kidogo. Ukikitoa juani kikiwa na chumvi, kutu huanza kazi siku hiyo hiyo. Na mashine za kuchanganya oili zina udhaifu wao: beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, hazina oili ya peke yake, hupata ile iliyomo kwenye petroli tu. Maji ya bahari yakituama pale chini, yanakaa juu ya beringi kavu. Kwa hiyo kama fundi yuko mbali au huna spana, iache mashine ndani ya pipa la maji matamu mpaka utakapokuwa tayari kuifungua. Najua maji ya visima vya Shela si ya kumwagwa ovyo, lakini pipa moja ni rahisi kuliko krenki mpya.

Kuna swali la kujiuliza kabla ya spana ya kwanza: ilizama ikiwa imezimwa au inazunguka? Yangu ilikuwa imezimwa. Ya binamu yangu ilipinduka naye ikiwa kwenye mwendo. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda na kukuta silinda imejaa maji, kitu lazima kikubali, na mara nyingi ni rodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, inayopinda. Binamu alivuta kamba kwa nguvu zake zote akidhani imekwama kwa mchanga, na akamalizia kuiharibu. Ikiwa yako ilizama inazunguka, toa plagi zote, kisha zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, taratibu kwa mkono. Ikigoma au ukisikia mkwaruzo, simama hapo, ifunguliwe na fundi. Usiilazimishe hata kidogo.

Yangu ilizunguka laini. Tuliiosha kwa maji matamu nje na ndani ya kifuniko, tukatoa plagi, tukailaza matundu ya plagi yakiangalia chini na kuzungusha flaiwili kwa mkono mpaka maji yakakoma kutoka. Kisha tukatia dizeli iliyochanganywa na oili kwenye silinda na kwenye mdomo wa kabureta, tukazungusha tena, tukamwaga. Tukarudia mara tatu. Kabureta tuliifungua yote. Vitundu vya jeti, vinavyopitisha petroli ndani ya kabureta, nilivisafisha kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, maana waya wa chuma hupanua tundu na mashine haitakaa sawa tena. Petroli yote ya zamani tuliitoa, ya kwenye tangi na ya kwenye mpira unaoipeleka kwenye mashine.

Halafu ikakataa kuwaka. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa wakaiuza kwa bei ya vyuma chakavu, na hunisikitisha kila ninapoona, kwa sababu mara nyingi kilichobaki ni kidogo.

Nilianza na moto wa plagi. Weka tangi la petroli mbali, vika plagi kofia yake, igusishe na chuma cha mashine, mwenzako avute kamba. Cheche iwe ya buluu na yenye nguvu. Yangu haikuwapo kabisa, silinda zote mbili. Fundi wa kwanza aliniambia koili, zinazotoa umeme wa plagi, zimekufa, ninunue mpya. Sikununua. Koili mbili kufa usiku mmoja haikuniingia akilini, nikatafuta kitu kinachozigusa zote kwa pamoja. Kitu hicho ni waya wa swichi ya kuzimia. Kazi ya swichi ile ni kuua moto, na chumvi ikiingia ndani yake huunganisha kilichotakiwa kubaki mbali, mashine ikawa kama imezimwa daima. Nilichomoa waya wake, tukavuta, na cheche ya buluu ikaruka. Nilisafisha swichi, nikaikausha, nikairudisha. Usisafiri bila swichi hiyo. Wakati wa kujaribu pipani, mashine iliyochomolewa waya unaweza kuizima kwa kuvuta choki.

Ikawaka, moshi mweupe ukatanda hadi kwa jirani. Baada ya dakika kumi ikafa. Safari hii ilikuwa mafuta. Nilikamua petroli ya mpirani kwenye chupa isiyo na rangi nikaiacha itulie: maji hukaa chini, petroli juu, na mstari unauona kwa macho. Nilikuwa nimebadilisha petroli lakini sikuosha chujio. Chupa ile sasa haitoki botini.

Tangi la kwanza baada ya kuzama nilichanganya oili mara mbili ya kawaida. Kawaida ya mashine yangu ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, nikatia 40. Niliiacha ikizunguka pipani karibu saa nzima, bila kuikimbiza, ili joto likaushe na oili ifike kwenye beringi. Wakati wote nilitazama maji ya kupoza yanayochuruzika ubavuni. Yalikuwa membamba, kwa sababu mchanga ulikuwa umeziba tundu la kutokea. Nilisukuma kipande cha mshipi wa kuvulia, yakafunguka. Kama yasingefunguka, ningefungua pampu nikaangalie impela, kile kipanga cha mpira kinachosukuma maji.

Oili ya gia niliiangalia mwisho, na ilikuwa nyeupe kama maziwa. Hilo si la usiku ule peke yake. Nilipotoa propela nilikuta mshipi umejiviringa kwenye shafti na kukata sili, ule mpira wa kuzuia maji, yaani maji yalikuwa yakiingia tangu zamani. Tulibadilisha sili, kisha tukajaza oili kwa tundu la chini mpaka ikatokea la juu, maana ukijaza kwa juu hewa hubaki ndani.

Mwenye mashine ya kisasa yenye oili yake ya peke yake, kazi ni ile ile, ila amwage oili ya injini na kutia mpya, aizungushe kidogo, amwage tena, mpaka iache kutoka nyeupe.

Siku iliyofuata niliiwasha tena, na ya tatu pia. Wiki ya pili nilifungua kifuniko na kukuta unga mweupe kwenye maungio mawili ya nyaya ambayo niliyaona safi kabisa siku ya kwanza. Nikayasugua kwa mswaki, nikayapaka grisi, na mchana wake nikavuka na abiria hadi Mokowe, upande wa bara.